Nani Ana Mpira?

Jumatatu jioni niliandika kwenye grupu letu la WhatsApp: "Jumamosi tucheze softiboli. Saa tatu asubuhi. Nani ana mpira?" Kufikia Jumatano kulikuwa na jumbe mia moja na kitu. Nilizisoma zote ndani ya matatu, Thika Road imesimama kama kawaida yake, nikashuka Roysambu na hasira ambayo sijaimaliza hadi leo.

Kulikuwa na mjadala wa rangi ya fulana. Kulikuwa na anayejua fundi wa kuchapisha majina mgongoni, bei ya jumla mkifikisha ishirini. Wa Kitengela alipendekeza kila mtu achange elfu moja mia tano, akajiteua mweka hazina kabla hatujapumua. Wa Ruaka akauliza kama kutakuwa na mpiga picha, kwa sababu picha za simu "zitatuaibisha." Mmoja akataka tuahirishe hadi mwisho wa mwezi, watu wapate mshahara. Mwingine akasema kama ni kuahirisha basi tusukume hadi Desemba tufanye kitu cha maana, twende Naivasha, tulale huko. Kisha ikaundwa kamati. Watu saba! Grupu lingine likafunguliwa, la kamati, na mimi niliyeleta hiyo stori sikuongezwa humo hadi kesho yake.

Katika jumbe zote hizo, hakuna hata mmoja aliyejibu swali langu. Nani ana mpira?

Nawapenda hawa watu, na wakisoma hapa watanipigia simu, kwa hivyo acha niseme wazi. Sisi wanawake wa miaka ishirini na tisa, thelathini, thelathini na mbili wa mji huu tumesahau kucheza. Na badala ya kukiri kwamba tumesahau, tunajificha nyuma ya kamati. Kamati tunaiweza. Tukipewa msiba, tutakuwa na mwenyekiti, namba ya M-Pesa na basi la kwenda ushago ndani ya saa sita. Tukipewa mpira, tunaulizana rangi ya fulana.

Watazame wanaume wetu. Jumapili asubuhi, kabla makanisa ya mabati hayajawasha spika, mwanaume wa Buruburu mwenye kitambi na goti bovu anatia viatu kwenye mfuko na kuaga: "Niko na mechi." Maneno matatu tu, na nyumba nzima inajipanga. Hakuna anayemuuliza ni mechi ya kombe gani. Hachezi vizuri, si mnamjua, anapiga mpira unaenda kwa mama wa viazi karai, anatukanwa na marafiki zake kwa saa moja na nusu, anarudi anachechemea, anakuta chai. Wiki ijayo anaenda tena. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza inamsaidia nini.

Sasa sema wewe "niko na mechi" uone. Mechi gani? Na nani? Ni kazini wamewapeleka? Kuna pesa? Mtoto je? Mimi mamangu, mwanamke ninayemheshimu kuliko wote, aliniuliza kwenye simu kwa sauti ya huruma, "Kwani uko sawa?"

Tuko na chama, utasema. Mimi sipingi chama. Chama kilininunulia friji. Lakini hebu hesabuni mikutano yetu ya mwaka jana, maana mimi nilihesabu nikiwa kwenye ile matatu: mizunguko ya kila mwezi, sherehe mbili za kumuaga bibi harusi, tatu za mtoto anayetarajiwa, harambee ya bili ya hospitali, mazishi mawili. Kila mara tulivaa rangi moja. Kila mara tulichanga. Hatukukutana hata siku moja bila mtu kuolewa, kuzaa, kulazwa au kuzikwa. Yaani ili nikuone rafiki yangu, lazima kwanza maisha yakupige au yakubebe. Hiyo si urafiki, ni huduma ya dharura.

Na sote tulicheza, hapo ndipo panaponiuma. Msichana aliyesoma shule ya msingi nchi hii na hakucheza raunda, labda alikuwa mgonjwa. Uwanja wa vumbi, sketi imefungwa fundo ubavuni, mpira wa tenisi uliopara, na gongo ambalo jana yake lilikuwa mguu wa dawati. Mwenye mpira ndiye alikuwa sheria. Tulijua kukadiria mpira hewani, kumhadaa aliye kwenye besi ya pili, kulala chini kwa tumbo bila kufikiria nani atafua. Sekondari, mwalimu wetu wa michezo alileta softiboli kamili. Tulikuwa wasichana tisa na glavu tatu. Mimi nilisimama besi ya tatu, glavu ikinifikia kwa zamu, mkono ukiuma hadi kwa kiwiko, na sijawahi kuwa na furaha ya aina ile tena, na nimekuwa na furaha nyingine nyingi, sitaki kudanganya.

Baada ya mtihani wa kidato cha nne nilirudisha glavu stoo. Mwalimu akaweka tiki kwenye daftari lake. Tangu siku hiyo kitu cha pekee nilichokimbilia ni matatu.

Kuna atakayesema jim zipo. Ndiyo, zipo, na nimelipia moja miezi minne nikaenda mara sita. Lakini jim ni mahali pa kurekebisha mwili, kama gereji. Unaingia ukiwa na kosa: nyonga, tumbo, mikono. Unasimama mbele ya kioo peke yako na spika masikioni. Mchezo haukuulizi una kilo ngapi. Unakuuliza kama utaudaka huu mpira unaokuja, na kuna mtu pale besi ya kwanza anakupigia kelele za jina lako.

Sasa turudi kwa wale wa fulana na vifaa, kwa sababu huo ndio utetezi wao mkubwa. "Hatuwezi kucheza bila vifaa, tutaonekana watoto." Wacha niwaambie softiboli ilikotoka. Ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya nyumba, siku ya baridi ya sikukuu yao ya kutoa shukrani. Wanaume wa klabu moja ya mashua, Farragut, walikuwa wamekaa wakingoja matokeo ya mechi ya vyuo vya Yale na Harvard. Mmoja akarusha glavu kuukuu ya ndondi, mwingine akaichapa na kijiti. Jamaa aitwaye George Hancock akaona hapo kuna mchezo. Wakaifunga glavu kwa kamba zake hadi ikawa kama mpira, wakachora mistari ya chaki sakafuni, wakashika mpini wa ufagio. Hiyo ndiyo siku ya kwanza ya softiboli duniani: glavu iliyochakaa na ufagio. Hata jina la softiboli lilikuja mwaka 1926, karibu miaka arobaini baadaye. Watu walicheza miaka yote hiyo mchezo ukiitwa hivi na vile, na sisi hatuwezi kuanza kabla jina halijachapishwa mgongoni.

Na kama mnadhani glavu ni lazima, mji huohuo wa Chicago hadi leo una softiboli yake ya mpira mkubwa wa inchi 16 za mzunguko, ambao watu wanaudaka kwa mikono mitupu. Mpira wa kawaida ni inchi 12. Wanaumia vidole na wanarudi. Kutoka kwenye huo ufagio, wanawake wakaufikisha mchezo hadi Olimpiki, Atlanta mwaka 1996, ukaendelea hadi Beijing 2008, ukaondolewa, ukarudi Tokyo, na umepangwa tena Los Angeles 2028. Sisi si wa Olimpiki. Mimi hata ngazi za ghorofa ya nne zinaniweka kikao. Ninachosema ni kwamba kisingizio cha vifaa kilikufa mwaka 1887, mzikeni.

Alhamisi nilienda Gikomba saa ya chakula cha mchana. Mpini wa jembe, mia mbili hamsini. Fundi aliukata, akaupiga msasa upande wa kushika, akaniuliza shamba liko wapi. Mpira wa tenisi, mia mbili. Besi zilikuwa kandambili mbili, jerikeni tupu, na sweta. Mia nne hamsini, vifaa vya timu nzima. Kamati bado ilikuwa inajadili kola.

Kisingizio cha pili si kisingizio, ni ukweli, na hapo siwezi kuwalaumu wenzangu. Uwanja uko wapi?

Mchezo huu hauhitaji makuu. Kutoka besi hadi besi ni futi 60, kama mita 18 hivi, hatua ishirini na tano za mtu asiye na haraka. Ongeza nafasi ya mpira kwenda mbali na nusu ya uwanja wa kandanda inatosha. Nilipiga simu kwa hivi viwanja vya nyasi bandia vinavyoota kila kona. Wa kwanza alitaka elfu tatu na nusu kwa saa, na kiwanja chenyewe kimezungushiwa wavu, kimetengenezwa kwa kandanda ya watu watano. Ukichapa mpira mmoja wa maana unagonga wavu na kukurudia usoni. Nilienda shule moja ya msingi karibu na kwangu, uwanja mpana, mtupu, geti limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi akasema niandike barua kwa mwalimu mkuu, kisha akashusha sauti na kusema barua inaweza kuwa "ya kitu kidogo." Nikapita penye ule uwanja tuliokuwa tukichezea nikiwa mdogo. Uko chini ya ghorofa saba, na chini kabisa ni duka la vipuri.

Mji huu umepigania nyasi kwa machozi, si kwa lugha ya picha. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililokuwa limepangiwa Uhuru Park, akatukanwa kwa kuwa mwanamke anayepiga kelele, na jengo halikujengwa. Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata walirudi shule wakakuta ukuta umezungushiwa uwanja wao. Wakausukuma ukuta. Polisi wakawarushia vitoa machozi, watoto wa sare, kwa sababu ya mahali pa kuchezea. Ukuta ukaanguka, uwanja ukarudi. Mimi huwafikiria wale watoto. Sasa ni watu wazima. Nataka kujua ni wangapi kati ya wale wasichana waliolia kwa gesi ile ambao bado wanacheza kitu chochote, mahali popote.

Kwa sababu uwanja unaibwa mara mbili. Mara ya kwanza anakuja mtu na hatimiliki ya uongo. Mara ya pili uwanja upo, wazi, na wewe mwenyewe umeshakubali si wako. Uwanja tulioupata mwishowe ni wa mtaa, huku kwetu nyuma ya Mwiki Road, uwanja wa umma kabisa. Vijana wa kandanda wanauanza saa tano. Kuanzia alfajiri hadi saa tano hauna mtu, kila Jumamosi, miaka yote niliyoishi hapa. Na mimi, mwanamke mzima mlipa kodi, nilienda kuomba ruhusa kwa kijana wa miaka kumi na tisa mwenye filimbi shingoni. Alikuwa na heshima, simsemi vibaya. "Sawa tu madam, bora saa tano mkuwe mmetoka." Nikamwambia asante. Nikarudi nyumbani nimefurahi, na nilipofika mlangoni ndipo nikajiuliza nimemshukuru kwa nini.

Kuna hoja moja ilinishika koo. Wa Umoja, ambaye hakuwa kwenye kamati na haongei sana, aliandika saa nne usiku: "Jumamosi ndio siku ya kufua. Mnajua hivyo?" Hakuweka kicheko. Sikuwa na jibu. Jumamosi asubuhi ya Nairobi imejaa wanawake walioinama kwenye beseni. Wikendi ambayo wanaume wanapumzikia huwa imefuliwa na mtu. Nikamjibu kwamba nguo zitangoja saa mbili. Akasema, "Nguo zitangoja. Wenye nguo je?"

Na hapo acha nijikamate mwenyewe, maana ni rahisi kurusha mawe ukiwa umesimama kwa mtu. Nilipokuwa nikipanga asubuhi yangu ya uhuru, mtoto nilikuwa nimeshamwachia nani kichwani? Dada anayenisaidia nyumbani. Ana miaka ishirini na miwili. Hata sikuwa nimemuuliza, nilikuwa nimempanga tu, kama vile mume wa Buruburu anavyopanga chai. Mimi ninayeandika hapa kwa makelele kuhusu wanawake kunyimwa mchezo nilikuwa naenda kuchezea juu ya mgongo wa mwanamke mwingine, mdogo kwangu, ninayemlipa.

Ijumaa usiku nikamwambia, "Kesho twende uwanjani sote."

Akaniangalia. "Sawa, mama Baby. Nibebe nini?"

Sikulala vizuri.

Jumamosi saa tatu tulikuwa watatu: mimi, yeye na mtoto. Saa tatu na nusu tukawa watano, sita. Wa Umoja alikuja na mikono inanuka sabuni. Alikuwa ameamka saa kumi kufua. Wa Kahawa Wendani alikuja na wanawe wawili. Wa kamati hakuja hata mmoja, ila mweka hazina alituma picha ya sampuli ya fulana tukiwa tunapasha misuli. Rangi ya maziwa. Kwa softiboli, kwenye vumbi la Mwiki.

Watu sita hawafanyi timu mbili, na hapo ndipo watu huvunjika moyo na kwenda zao. Si lazima. Wawili wanapiga, wengine wanadaka. Mpira unarushwa kwa chini, polepole, ukipanda na kushuka, kila mtu apate kuuona. Ukitolewa, unaenda nje kabisa, na kila mmoja anasogea nafasi moja hadi zamu yake ya kupiga imfikie. Hakuna anayeshindwa, hakuna anayekaa benchi, na akija mtu wa saba anaingia mkiani bila mechi kusimama. Mtoto wangu tulimwekea sheria yake: anayengoja kupiga ndiye anayembeba. Sheria hiyo ilitungwa uwanjani, kwa sababu nilipomwita dada aje kupiga alisema, "Na huyu ataachwa na nani?" na watu wanne wakanyoosha mikono kwa pamoja.

Aliniambia alicheza raunda hadi darasa la saba, huko kwao Bungoma, kisha karo ikawa shida. Alikosa mipira mitatu. Wa nne aliupata pembeni, ukaenda chini chini, ukapita katikati ya miguu yangu, mimi wa besi ya tatu, mwenye historia. Alikuwa anacheka kabla hata hajaanza kukimbia. Alitolewa besi ya pili, akabishana na refa, na refa ni mtoto wa darasa la tatu wa Kahawa Wendani. Alibishana kweli, mkono kiunoni, akasema kandambili ilikuwa imesogezwa. Tangu aje kwangu miezi kumi na moja iliyopita sikuwa nimewahi kumsikia akibishana na mtu. Nilirudi nyumbani nikitafakari hilo kuliko mpira, na jioni tukakaa chini kuzungumza kuhusu Jumamosi zake. Zungumzo halikuwa rahisi, na halijaisha.

Mimi goti lilinivimba. Wa Umoja alipiga mpira mmoja ambao nadhani bado unaenda. Saa tano kasorobo yule kijana wa filimbi alikuja na wenzake, wakasimama pembeni. Nilijua watatucheka na wakatucheka, kisha mmoja akauliza ukitolewa unaenda wapi. Saa tano tukatoka. Nimemwambia kijana wiki ijayo tutatoka saa tano na nusu. Alikuna kichwa. Sikuomba.

Kamati yenu iendelee. Naivasha ni pazuri, na fulana mkizileta nitavaa, hata hiyo ya maziwa. Ila elfu moja mia tano sitoi. Jumamosi hii ni saa tatu, palepale, ukishuka uliza uwanja wa nyuma ya kinyozi. Hatuahirishi mvua ikiwa ya manyunyu. Hatusubiri aliye "kwa njia." Tukiwa wanne tutaanza. Leta mtoto, na kama kuna mtu kwako hufua Jumamosi, mlete pia, si kubeba thermosi. Mpira upo, ingawa mmoja ulipotelea kwa paa la mabati na mwenye nyumba amekataa kuurudisha, kwa hivyo mwenye mwingine aje nao.